Karanga zimeota ukungu, nikizimwaga shambani si nitaua udongo?

KijanaWaUrambo:
Wakuu habari za mida hii. Niko Urambo huku, nina magunia manne ya karanga nilizing'oa mvua haijakata nikazirundika stoo nikijua ntaanika kesho, kesho yenyewe ndo haikufika. Juzi nafungua gunia mkono unatoka na vumbi la kijani na harufu ya godoro lililolowa. Mzee anasema zimwage shamba la mahindi ziwe mbolea, ila hiyo sumukuvu si itamaliza vijidudu vya kwenye udongo?

FundiUdongo:
Mkuu sumu yenyewe udongoni haina maisha marefu, nyingine inanatana na mfinyanzi na inayobaki bakteria na kuvu wengine wanaivunja, labda ikiwa nyingi sehemu moja ndo itawasumbua baadhi yao kwa muda. Mimi kinachonitisha ni kuvu mwenyewe anayeitoa hiyo sumu, Aspergillus flavus. Kwao ni humo humo kwenye udongo, sasa wewe unampelekea magunia manne ya chakula, anazaana, halafu mahindi yakipigwa na jua wakati yanabeba anapanda nayo. Hata Aflasafe, ile dawa ya kuzuia sumukuvu shambani, inapita njia hiyo hiyo, ni ndugu yake asiyetoa sumu, wanampaka kwenye mtama unarushwa shambani kilo 4 kwa eka wiki mbili tatu kabla ya maua, anawahi kiti kabla ya yule mwenye sumu.

MamaWawili_Kasulu:
Jamani si awape tu kuku?

FundiUdongo:
Dada usithubutu! Hii sumu ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza 1960, walilishwa mashudu ya karanga. Na kuchemsha au kukaanga hakuimalizi.

MamaWawili_Kasulu:
Duh, basi nimekoma. Kama ni hivyo afanye mboji, huku kwetu tunachanganya na samadi mbichi na majani, unageuza geuza, ikichemka mpaka ukichomeka mkono unautoa mbio ujue kuvu hana chake. Ila zilowanishe kwanza na ufunge kitambaa puani, lile vumbi usilivute.

KijanaWaUrambo:
Asanteni sana, shimo nachimba leo leo. Mzee nimemsomea hapa kakaa kimya, halafu ananiambia jana mlango wa stoo ulikuwa wazi na kuku walishinda humo. Sasa mayai ya wiki hii vipi, tunakula au?

FundiUdongo:
Mayai acha kwanza mkuu, na mlango funga.