Kunyoosha data za JSON zenye matabaka: baadhi ya wakulima hawaonekani kwenye jedwali

Karani wa Tukuyu ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninashughulikia taarifa za wakulima wa parachichi wa Rungwe na wa kahawa wa Mbozi, zilizokusanywa kwa fomu ya simu na kuhifadhiwa katika JSON, yaani muundo wa maandishi unaoweka sehemu ndani ya sehemu. Kila rekodi ina namba, sehemu ya mkulima yenye jina, kijiji na ukubwa wa kaya, kisha orodha ya mashamba, ambamo kila shamba lina zao, ekari na idadi ya miche. Nimetumia json_normalize ya pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali), nikaweka record_path='mashamba', yaani orodha ya kugeuzwa kuwa mistari, na kuingiza namba, jina na kijiji kwenye meta, yaani taarifa za kurudiwa katika kila mstari. Mwanzoni ilikataa kwa KeyError, kwa kuwa rekodi nyingine hazina kabisa ufunguo wa mashamba, na errors='ignore' haikusaidia. Nikazijazia orodha tupu, na sasa programu inakwenda hadi mwisho, ila wakulima waliomo kwenye jedwali ni wachache kuliko rekodi nilizoanza nazo. Tena vijiji vingi vinatoka vitupu ilhali kwenye faili ghafi vipo. Wanapotelea wapi, na je, ipo maktaba ndogo itakayoniepusha na mizunguko ya for iliyopandana?

Fundi wa Uyole amejibu:

Ndugu, ukiipa record_path, json_normalize hutengeneza mstari mmoja kwa kila shamba. Mkulima mwenye orodha tupu hana shamba la kuandikiwa mstari, kwa hiyo anaachwa nje kimyakimya. Ile errors='ignore' inahusu funguo za meta peke yake, ndiyo maana haikukuokoa.

Ninakushauri uache kulazimisha kila kitu kiingie kwenye jedwali moja. Tengeneza jedwali la wakulima, mstari mmoja kwa mtu, na jedwali la mashamba, mstari mmoja kwa shamba, yote mawili yakibeba namba ya rekodi. Utakapohitaji kuyaunganisha, andika wakulima.merge(mashamba, on='namba', how='left', validate='one_to_many'), ambapo asiye na shamba atabaki na nafasi tupu, na namba ya mkulima ikijirudia utapewa kosa papo hapo. Usijumlishe ukubwa wa kaya baada ya kuunganisha, kwa sababu mwenye mashamba matatu atahesabiwa kaya yake mara tatu. Jumla za aina hiyo zifanyie kwenye jedwali la wakulima kabla hujaligusa lile jingine.

Mama Takwimu, Iringa amejibu:

Naongezea kuhusu vijiji. Nina hakika karibu yote kwamba fomu yenu ilibadilishwa katikati ya zoezi, na kijiji kikahamishwa kutoka sehemu ya mkulima kwenda sehemu nyingine. Fungua rekodi moja ya zamani na moja mpya uzilinganishe. Kwa kazi hiyo napenda glom, maktaba ndogo ya Python iliyotoka mwaka 2018, ambayo unaieleza umbo unalolitaka nayo inakwenda kuchota. Kwa mfano:

Coalesce('makazi.kijiji', 'mkulima.kijiji', skip=('', None), default=None)

Hapo inajaribu njia ya kwanza, ikikosa inakwenda ya pili, na skip inairuka ile nafasi iliyoachwa wazi na mhojaji, ambayo kwa kompyuta ni maandishi halali. Hata hivyo, usiweke default tangu siku ya kwanza. Iache ikatae, kwa maana CoalesceError hutaja njia zilizojaribiwa na kilichopatikana kwa kila moja, na hiyo ndiyo taarifa unayoitafuta.

Fundi wa Uyole amejibu:

Nakubaliana na Mama, ingawa kwa rekodi chache na njia mbili tu mimi ningeandika fanksheni fupi badala ya kuongeza maktaba.

Jambo jingine ni safu ya ekari. Watu wa huku huandika "nusu", "1,5" na "moja na nusu", kwa hiyo ukibadilisha neno nusu kuwa 0.5 popote lilipo, utaharibu "moja na nusu". Orodhesha maandishi yote yanayoshindikana kwenye pd.to_numeric (fanksheni ya pandas inayogeuza maandishi kuwa namba), yaandalie kamusi ya tungo nzima, kisha weka matokeo kwenye safu mpya na kuiacha ile ya asili ilivyo. Waliojibu kwa hekta wazidishie 2.47.

Karani wa Tukuyu amejibu:

Shukrani, Mama na Fundi. Majedwali mawili yamefanya kazi, na wakulima sasa wanalingana na rekodi. Vijiji navyo vilikuwa vimehamia sehemu ya makazi, kama Mama alivyohisi. Nimewachambua wale wasio na mashamba: wengi ni wanaolima kwa kukodi, na fomu iliuliza "mashamba unayomiliki", wakaliruka swali. Namwandikia msimamizi wa fomu airekebishe kabla ya awamu ijayo.