Kuacha kulalamika: zaidi ya kukariri Wafilipi 2:14, tufanye nini?

Mtafuta_Amani
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa kuandaa vipindi vinne vya jumuiya kuhusu kuacha kulalamika. Wafilipi 2:14, "Yatendeni mambo yote pasipo manung'uniko", watu wanaijua kwa kichwa, na bado siku inaanza na umeme uliokatika, inapita kwenye daladala, inaishia kwa mchungaji na kwaya. Somo la "shukuru tu" limeshafundishwa, halikushika. Kuna hatua za wiki hadi wiki? Na je, kila lalamiko ni dhambi?

Mwalimu_wa_Zaburi
Amina. Lianze hilo swali la mwisho, maana wengi hukwama hapo. Someni Hesabu 11 yote kwa kikao kimoja. Watu wanalia milangoni pa hema zao wakikumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu walivyokula Misri "bure". Bure, na walikuwa watumwa! Manung'uniko huchagua ya kukumbuka. Halafu kuanzia mstari wa 11 Musa naye analalamika, tena vikali, hadi anaomba afe. Ila yeye anamwambia Mungu mwenyewe, na anautaja mzigo: hawezi kuwabeba watu hawa wote peke yake. Hakukemewa, alipewa wazee 70 wa kumsaidia.

Kwa hiyo msiwafundishe watu kunyamaza. Anayejibana hujaa, kisha humpasukia asiyehusika, mara nyingi mtoto au dada wa kazi. Wafundisheni kulipeleka lalamiko panapostahili.

Wiki ya kwanza ni kuhesabu tu. Daftari, safu tatu, kila usiku: nimelalamikia nini, nimemwambia nani, nilitaka nini. Asijizuie bado. Safu ya tatu itabaki tupu mara nyingi, na hilo ndilo la kuzungumza kwenye kipindi.

Wiki ya pili na ya tatu, achague lalamiko moja kwa siku, lile linalojirudia, alipitishe kwenye umbo la Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Wa 1 na wa 2 ni kilio, "hata lini" mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini. Sentensi mbili kwa kila sehemu, kisha aisome kwa sauti. Dakika 10 zinatosha. Muuza samaki mwenye friji ataanza: "Bwana, hata lini samaki wataniozea? Hata lini nitakopa mtaji?" Kisha ombi: "Nionyeshe pa kupata barafu leo." Kosa la kawaida ni kuruka kilio kwa kuogopa kuonekana huna imani. Ukikiruka, tumaini la mwishoni linabaki maneno ya mdomoni.

Mama_Tumaini
Naongeza upande wa lalamiko lenye mtu ndani yake. Mathayo 18:15 iko wazi: mwendee, wewe na yeye peke yenu. Tunapokosea zaidi ni kwenye kikundi cha WhatsApp cha maombi. "Tumwombee dada fulani, siku hizi ana kiburi." Huo ni umbeya uliovishwa kanga ya maombi. Ombi likitaja makosa ya mtu kuliko mahitaji yake, lisitumwe.

Lalamiko la haki nalo lisizimwe. Katika Matendo 6 wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema "acheni kunung'unika", walisimamia uchaguzi wa watu 7 wa kushughulikia jambo hilo. Kama watu wananung'unikia michango isiyosomwa, andikeni barua kwa baraza la wazee, na mtaje mnachoomba na lini.

Na jambo hili nalisisitiza: anayepigwa nyumbani asiingizwe kwenye zoezi hili kabisa. Kusema kwake si manung'uniko. Asindikizwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mtafuta_Amani
Mbarikiwe sana. Shukrani basi zinaingia wapi? Na "shukuruni kwa kila jambo" ya 1 Wathesalonike 5:18, ni kushukuru hata kwa msiba?

Mwalimu_wa_Zaburi
Kigiriki chake ni "katika kila jambo". Mfiwa hashukuru kwa sababu amefiwa, anashukuru akiwa ndani ya msiba.

Wekeni shukrani wiki ya nne, baada ya Zaburi. Zikitangulia zinakuwa kifuniko cha sufuria inayochemka. Tatu kwa siku, kila moja na jina au kiasi. "Asante kwa uzima" husemwa bila kufikiri. "Jirani amenipa ndoo mbili za maji" inamlazimu mtu aikumbuke siku yake.

Mtafuta_Amani
Na bibi zetu wasioandika?

Mama_Tumaini
Punje 20 za maharage kwenye mfuko wa kushoto. Kila lalamiko, punje moja ihamie kulia. Jioni azihesabu na mjukuu, kisha amweleze Mungu kwa mdomo lile lililojirudia.