Alizeti inapotelea kwenye mizani, mshahara anakatwa stoo kipa. Wenye makampuni mnakagua nini?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Niko uhasibu katika kampuni moja hapa Dodoma inayonunua na kukamua alizeti. Jina nalihifadhi. Mwezi uliopita stoo kipa wetu wawili wamekatwa mshahara kufidia mzigo unaodaiwa kupotea. Hawakuitwa kujieleza, hawakusaini popote kukubali deni, wamekuja kuona makato kwenye salari slipu. Mmoja wao anasomesha watoto na ana mama mgonjwa Mpwapwa.

Huo mzigo haukuwahi kuingia stoo. Na pale ofisini hakuna asiyejua.

Niwaeleze unavyopita. Msimu ukichanganya, kuanzia Mei, mafuso yanaingia usiku na mchana, kutoka Kongwa, Chemba, mengine mpaka Iramba. Meneja ununuzi ndiye anayemchagua wakala. Ndiye anayepatana bei. Karani wa mizani yuko chini yake. Na vocha ya malipo anaidhinisha yeye yeye. Stoo kipa analetewa tiketi ya mizani imeshaandikwa, anaambiwa asaini hati ya kupokelea mzigo chapchap, dereva anataka kuondoka. Akiomba gari lipimwe upya, anaonekana mkorofi anayechelewesha kazi.

Mimi nimeshika tiketi mbili za tarehe moja, namba ya gari moja, zimepishana dakika 15. Fuso gani hilo linashusha, linakwenda Kongwa, linapakia na kurudi kwa dakika 15? Kwenye tiketi nyingine uzito wa gari tupu umekatwa kwa biro, juu yake umeandikwa mdogo zaidi ili uzito wa mzigo upande. Pembeni hakuna saini ya aliyesahihisha. Zote zimelipwa. Niliporudisha moja nikiomba maelezo, niliambiwa kazi yangu ni kuandaa malipo, maswali niwaachie wenyewe.

Kuhesabu stoo ndiyo kabisa. Zoezi linatangazwa wiki nzima kabla, kwa barua, na tarehe. Wanaokuja kuhesabu wanapita mstari wa mbele, wanazidisha kwa kina cha rundo, wanajaza fomu, wanaenda kula. Safari iliyopita gunia la nyuma lilipasuka mbele ya macho yangu, zikamwagika pumba. Yale marundo yalipangwa na vibarua walioitwa Jumapili, siku ambayo stoo kipa hawapo kazini, na funguo ya akiba anakaa nayo meneja. Halafu anakatwa mshahara stoo kipa!

Mtaniuliza mkaguzi wa ndani yuko wapi. Yupo, ana CPA yake safi, yaani cheti cha juu cha uhasibu, na kazi anaijua. Lakini anaripoti kwa meneja wa fedha. Meneja wa fedha ndiye anayempima utendaji, anayempa likizo, anayepitisha bajeti yake ya safari. Ripoti ikiandikwa inaenda kwanza kwa huyo huyo kama rasimu, inarudi imepigwa kalamu nyekundu, hoja ya mizani imegeuka kuwa ushauri wa kuboresha utunzaji wa kumbukumbu. Bodi inasomewa hiyo. Zaidi ya hapo wamempa akague vocha kabla ya malipo na kupitisha marejesho ya masurufu (fedha za kazi anazokabidhiwa mfanyakazi), kwa hiyo mwisho wa mwaka anajikagua mwenyewe. Mtu wa hivyo mmemfunga mikono halafu mnasema kampuni ina ukaguzi.

Kila Aprili ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawasilishwa bungeni, hapa hapa mjini, na wakubwa wetu wanaijadili ofisini kwa uchungu kama wananchi wema. Basi wasome na ibara ya 143 ya Katiba. Inasema CAG akifanya kazi yake halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine wala idara yoyote ya Serikali. Mkaguzi wa kampuni anahitaji kinga ya namna hiyo. Marekani mwaka 2002, Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani wa kampuni ya simu ya WorldCom, alikuta matumizi ya dola bilioni 3.8 yameandikwa kama mali. Mkuu wa fedha alimtaka aahirishe ukaguzi. Alipoona hivyo alipeleka jambo kwa kamati ya ukaguzi ya bodi. Sisi hata hiyo kamati hatuna, wajumbe wa bodi wanakaa Dar, wanakuja kwenye kikao na kuondoka.

Na wasitutishe na hati safi ya mkaguzi wa nje. Yule anachukua sampuli na kutoa maoni juu ya hesabu za mwaka. Hajaajiriwa kukesha kwenye mizani.

Tunachodai siyo mambo ya ajabu. Anayenunua asiwe anayepima, na anayepima asiwe anayeidhinisha malipo. Karani wa mizani ahamishiwe kitengo kingine kesho asubuhi, haigharimu hata shilingi. Tiketi itolewe na mashine kwa namba mfululizo, ya biro isilipwe. Stoo ihesabiwe bila taarifa, gunia za nyuma zitolewe zipimwe. Mkaguzi apeleke ripoti yake kwa bodi moja kwa moja, na bodi ndiyo iwe na mamlaka ya kumwajiri na kumwondoa. Na iwepo njia ya mfanyakazi kusema bila kupitia kwa bosi wake. Ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, inaonyesha 43% ya visa vya ubadhirifu viligundulika kwa fununu, na zaidi ya nusu ya hizo fununu zilitoka kwa wafanyakazi. Kwetu sanduku la maoni limetundikwa mlangoni kwa meneja utumishi, chini ya kamera. Nani ataweka karatasi pale?

Sasa kuhusu hawa vijana wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka makato ya hasara yawe yamekubaliwa kwa maandishi, kosa liwe la mfanyakazi kweli, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wao wamekatwa karibu nusu. Utumishi wanasema ni agizo la juu.

Mwenye uzoefu na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Dodoma atusaidie: wafungue shauri kila mtu na lake au wote pamoja? Na nakala za zile tiketi za mizani, wakiziambatanisha, mwajiri anaweza kuwageuzia kibao kwamba wametoa siri za kampuni? Naomba majibu ya waliopita huko, siku za kufungua shauri zinahesabiwa.