Kipa wetu kafungiwa mechi tatu kwa "kudharau marehemu". Marehemu mwenyewe ni mama yake!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri zipoe, maana zikipoa nitanyamaza kama wengine na kijana wa watu ataumia peke yake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mechi ya ndondo hapa Mwanza. Sitaji uwanja, sitaji kamati, sitaji timu. Waliokuwepo wanajua, na mhusika kaniomba asijulikane zaidi ya alivyokwisha kujulikana. Palikuwa na nyomi, watu wamepanda mpaka juu ya mawe. Kwa kuwa tuko kwenye siku za kuelekea 21 Mei, siku ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996, kabla ya mpira kuanza mshereheshaji akatangaza kwamba tutasimama dakika moja kuwakumbuka waliokufa MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere na wengine wote waliopotelea ziwani. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Baba yangu mzazi alikuwa ndani ya MV Bukoba. Nikasimama, nikavua kofia.

Refa akapuliza filimbi. Timu zote mbili zimejipanga kwenye duara la katikati. Kipa mmoja hakwenda. Alitembea polepole mpaka nyuma ya goli lake, akavua glovu, akaziweka chini, akachuchumaa akiwa ametupa mgongo na kutazama upande wa ziwa. Hakusema neno, hakucheka, hakumsumbua mtu.

Na huku nyuma spika inaongea! Nasema hivi kwa sababu nilikuwa narekodi, video ninayo. Watu wamesimama, vichwa chini, na mshereheshaji anasoma tangazo la mdhamini. Bei ya bidhaa, duka liko wapi, ofa inaisha lini. Katikati ya dakika ya marehemu. Kisha filimbi ya pili. Nimeirudia ile video mara nne nikihesabu: kutoka filimbi ya kwanza mpaka ya pili ni sekunde 19. Mbele yangu jamaa wawili walikuwa wanabishana kuhusu beti, nyuma yangu mtu anapiga simu anaelekeza bodaboda. Hakuna aliyewagusa.

Aliyeguswa ni kipa. Mpira ulipoanza mtu mmoja akapaza sauti kwamba yule kipa kagoma kusimama. Ikawa wimbo. Kila akigusa mpira anazomewa. "Huna utu!" "Rudi kwenu!" Kipindi cha pili wakaanza kurusha chupa za maji, moja ikampata shingoni. Refa hakusimamisha mchezo. Jumatatu ikaja barua yenye muhuri: kafungiwa mechi tatu na faini ya shilingi 50,000, kosa lake "kudharau marehemu na kuushushia mchezo heshima". Hakuitwa kujieleza. Hakuulizwa chochote.

Mimi nilimuuliza. Nilimkuta soko la samaki la Mwaloni, anabeba mizigo ya dagaa, ndiyo kazi inayompa nauli ya kuja mazoezini. Tumekaa juu ya magunia. Huyu kijana ni wa kisiwa cha Ukara.

Kwa mlio mbali, niseme kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugorora. Kivuko cha MV Nyerere kilitakiwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya, Ukara, watu wanakitazama kutoka nchi kavu. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Mama wa huyu kipa alikuwa anarudi kutoka gulioni. Yeye alikuwa na miaka 15, amesimama ufukweni na mkokoteni, kaja kumpokea mizigo.

Giza lilipoingia, uokoaji ukasimama mpaka asubuhi. Mnaikumbuka hiyo. Kijana anasema mchana wote kulikuwa na kelele, watu wanaitana, mitumbwi inaenda na kurudi, wanawake wanalia, na hizo kelele ndizo zilizokuwa zinampa moyo kwamba kazi inaendelea. Usiku ukawa kimya. Alikaa pale pale mpaka kunakucha, anakitazama kile chuma kimelala kifudifudi. Kesho yake wakaendelea kutoa miili. Siku ya Jumamosi fundi mmoja wa kivuko akatolewa mzima, alikuwa amepata sehemu yenye hewa humo ndani. Kijana akawaza kama huyu kapona, na mama anaweza kuwa amepona. Mama alitolewa Jumapili.

Maneno yake kwangu ni haya: "Kaka, mimi sikugoma. Mimi kimya cha watu wengi siwezi kukisimamia. Kikianza tu narudi ule usiku. Nilijua nitaanguka pale katikati mbele ya watu, nikaona nikae pembeni."

Huyo ndiye mliyempiga chupa.

Niseme na ya kwetu, maana kuna mtu ataniambia huyo ni mdogo, hajui. Mimi nilikuwa darasa la tano mwaka 1996. Baba alipandia MV Bukoba bandari ya Kemondo na mikungu ya ndizi, anakuja Mwanza kuuza. Meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430, na kila mtu aliyepanda safari ile anajua waliokuwemo walizidi mno. Asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imekaribia kufika, ikaondoka na mamia ya watu. Baba yangu mdogo alikuwa na mtumbwi, alikwenda kusaidia. Meli haikuzama yote palepale, sehemu ya chini ilikuwa bado juu ya maji. Anasimulia kwamba ndani watu walikuwa wanagonga. Wanagonga chuma, na walio nje wanagonga kuwajibu. Wakaamua kukata tobo ili wawatoe. Tobo lilipokatwa hewa ikatoka, na meli ikaenda chini. Baba mdogo ameishi na mlio ule mpaka leo, na kinachomtesa zaidi ni pale ulipokatika. Ana miaka zaidi ya sitini. Redio kwake haizimwi, hata akilala.

Mwili wa baba hatukuupata. Kila mwaka tunakwenda kwenye makaburi ya Igoma walikozikwa watu wa meli ile, tunasimama kwenye kaburi lolote, tunasema huyu awe yeye. Na pale hatunyamazi. Shangazi zangu wanalia kwa sauti, wanamwita kwa jina, wanamsimulia nani kaoa na nani kazaa. Msiba wa kwetu una kilio, una nyimbo, una dua. Novemba 2022 ile ndege ilipoanguka ziwani Bukoba na watu 19 wakafa, wakaagwa uwanja wa Kaitaba, palepale panapochezwa ligi. Waliomba mashehe, waliomba maaskofu na wachungaji, watu walilia mpaka sauti zikakauka. Kuna mtu alifungiwa kwa kutonyamaza?

Sasa nije kwa yule mjumbe wa kamati aliyenijibu kwa simu. Nilimpigia kistaarabu kabisa. Akaniambia, "Ndugu yangu, tazama Uingereza, kila Novemba wachezaji wote wanasimama na ua jekundu kifuani, hakuna anayebisha. Sisi tunataka kuwa wa kisasa." Mheshimiwa, mpira wa Uingereza naufuata tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo hapo ulimpata mtu mbaya wa kumdanganya.

Yupo mchezaji anaitwa James McClean, mzaliwa wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Tangu 2012 akiwa Sunderland hajavaa lile ua. Mwaka 2014 akiwa Wigan alimwandikia barua mwenyekiti wa klabu na kueleza sababu: waliokufa kwenye vita kuu mbili anawaheshimu na kuwaombolezea, ila lile ua linawakumbuka askari wa vita vyote vya Uingereza, na mjini kwao tarehe 30 Januari 1972 askari hao hao waliwapiga risasi raia waliokuwa kwenye maandamano, 13 wakafa, na wa 14 akafa baadaye kwa majeraha. Ukitoka mji ule, huwezi kulivaa. Ametukanwa miaka yote, ametishiwa kuuawa. Lakini aliendelea kupangwa na kucheza. Novemba 2024 akiwa Wrexham alisimama peke yake, kando ya wenzake, wakati wa kumbukumbu, na mechi ikaendelea. Nemanja Matić naye, 2018 akiwa Manchester United, alikataa ua kwa sababu linamkumbusha mabomu yaliyoangukia kijiji chao Serbia mwaka 1999. Alisema wazi kwamba anaielewa huzuni ya wenye wafu wao na hataki kumkwaza mtu. Akaendelea kuvaa jezi.

Kwa hiyo hiyo Uingereza unayoniletea wapo wanaobisha, na wana sababu. Na tukitaka kwenda mbali zaidi, ule utaratibu wa kusimama kimya hata si wa Uingereza kwa asili. Ulianzia Cape Town mwaka 1918, mzinga wa saa sita mchana ukilia mji mzima unasimama. London waliuchukua mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1919. Walioanza walikuwa na vijana wao vitani, walikuwa wanajua wanamnyamazia nani. Hakuna aliyekuwa anasoma bei ya bidhaa.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila mtu afanye anavyotaka. Novemba 2015 Istanbul, Uturuki ikicheza na Ugiriki, mashabiki walizomea wakati wa kuwakumbuka waliouawa Paris. Ule ulikuwa ushenzi na nausema wazi. Juni 2017 pale Adelaide, Australia, wachezaji wa Saudi Arabia hawakujipanga kuwakumbuka waliouawa London Bridge, wakati wanawake wawili wa Australia walikuwa miongoni mwa marehemu. Ilielezwa kwamba si desturi yao, na shirikisho lao likaomba radhi baadaye. Mimi hilo pia liliniuma, kwa sababu ukiwa mgeni kwenye nyumba ya msiba, kama huwezi kusimama na wenyeji basi kaa pembeni utulie, usiendelee na shughuli zako mbele yao. Na huyu kipa ndicho alichofanya! Alikaa pembeni akatulia. Pale uwanjani kelele zilitoka kwenye spika ya kamati.

Kwa hiyo kama kosa ni kudharau marehemu, barua ya kwanza iandikwe kwa mshereheshaji, ya pili kwa aliyempa lile tangazo alisome saa ile, ya tatu kwa refa aliyekata dakika kwenye sekunde 19 kisha akaacha chupa zirushwe. Wote hao posho zao wamechukua.

Ninachotaka ni kifungo kifutwe, na kifutwe kwa spika ileile, mbele ya watu walewale. Faini isilipwe. Na mwakani mkitaka kuwakumbuka watu wetu, njooni mtuulize sisi wenye wafu kabla hamjapanga. Mtatukuta Igoma, mtawakuta wenzetu Bwisya. Mkitaka kunyamaza, iwe dakika kamili na spika izimwe. Asiyeweza kusimama aachwe.

Na ninyi mnaosambaza ile klipu kwenye magrupu ya WhatsApp yenye sura ya kijana na maneno "kipa asiye na utu", ifuteni. Bibi yake kule Ukara ana wajukuu wenye simu, na keshaiona.

Nawasilisha.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema "angesimama tu, dakika moja haiui", rudi juu usome tena aya ya ule usiku. Aliyeuliza kama nimeitaarifu kamati, ndiyo, tangu Jumanne, nimejibiwa "tutalifanyia kazi". Wawili mlionitumia ujumbe kwamba mlikuwa Bwisya siku ile, asanteni, nitawapigia. Wale mliotaka kumchangia faini, amekataa. Anasema akilipa atakuwa amekubali kosa.

Na ndiyo, ameusoma uzi. Nilikuwa nimeandika jina la mama yake kwenye ile aya ya gulio. Ameniomba nilitoe, nimelitoa.