Tupeane uzoefu: wenye saratani ya matiti kwenye ukoo, mnaishije?

Binti Mpwapwa: Wakuu, juzi tumezika shangazi mwingine, ugonjwa uleule. Msibani mabinti wa ukoo tulikuwa tunatazamana vifuani tu. Mlio kwenye hali hii mlifanyaje?

Kizota Juu: Pole dada. Kwetu ni mama na mama mdogo.

Mwana wa Chamwino: Umenitonesha. Kwangu aliyeugua ni baba. Alianza na kivimbe nyuma ya chuchu, akasema jipu, tukabandika majani. Ikapita miezi, chuchu ikazama, ikaanza kutoa damu, mzee akawa anavaa koti hata jua la saa saba. Daktari alipotamka saratani ya titi, baba alisimama: "Kwani mimi mwanamke?" Akatoka. Kumrudisha ilikuwa kazi. Kwenye basi la kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, hakusema neno mpaka tulipopita Gairo, ndipo akaniambia, "Dada zangu wawili walikufa na hiki. Tukamfukuza bibi mmoja kijijini, tukasema kawaroga."

Kizota Juu: Duh.

Mzabibu: Mwanaume naye ana titi? Leo nimekoma.

Nesi Mstaafu: Analo, ila ni kama mmoja tu katika wagonjwa 100. Akiugua mwanaume, ukoo mzima uamke. Kuna jeni (vinasaba) za BRCA1 na BRCA2; zikiwa na hitilafu zinaongeza sana hatari ya saratani hii, na baba anazirithisha sawa na mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Watu wakiulizwa historia wanataja upande wa mama tu, mashangazi wanasahaulika.

Mzee wa Bahi: Huo ni mkosi. Fanyeni tambiko.

Mzabibu: Tambiko lako limemponya nani?

Mzee wa Bahi: Na hospitali zenu zimewaponya wangapi? Heshima, kijana.

Mama Nkuhungu: Acheni kuweka simu kwenye sidiria.

Nesi Mstaafu: Simu haihusiki, mama. Na msitishane: saratani za matiti zinazorithiwa ni kama 5 hadi 10 tu kati ya 100.

Dada wa Area C: Kata matiti yote mawili mapema kabla hujaugua, yule mwigizaji Angelina Jolie alifanya hivyo 2013.

Kizota Juu: Kwa hela ya nani?

Mwana wa Chamwino: Dada yangu aliambiwa aanze kuchunguzwa miaka 10 kabla ya umri ambao aliyewahi kuugua mapema zaidi kwenye ukoo aligundulika. Anaenda kila mwaka.

Mzabibu: Mkuu, mzee yupo?

Mwana wa Chamwino: Yupo. Alikatwa titi, akamaliza dripu za dawa ya saratani. Koti bado havui.

Binti Mpwapwa: Jamani, kumbe mashangazi zangu ni dada zake baba! Na baba ni mzima, hajawahi kufungua shati mbele ya daktari. Mzee wa Kigogo unamwanzaje?

Mama Nkuhungu: Mwambie mnaenda kupima presha. Shati atavulia hukohuko.

Mzee wa Bahi: Mimi usingenidanganya hivyo.

Mzabibu: Kwani mzee wangu, wewe umeshapima?