Naomba ushauri: bei mpya haionekani kwenye simu za wateja

Wakuu, habari za jioni. Nina tovuti ndogo ya gesti ya shangazi yangu. Juzi tulipandisha chumba kutoka 35,000 hadi 45,000, nikapakia picha mpya ya bei kwa jina lilelile, bei.jpg. Hata kwangu ilikuja ya zamani mpaka nilipobonyeza Ctrl+Shift+R (kupakia ukurasa upya kabisa). Jana mteja kafika mapokezi, kanyoosha simu: "Dada, hapa mmeandika 35,000." Tukampa kwa bei hiyohiyo, tungefanyaje?

Kuchungulia, nakuta seva inatuma Cache-Control: max-age=31536000, yaani inaiambia brauza itunze faili kwa sekunde hizo, mwaka mzima! Brauza ya aliyewahi kuingia inatoa picha ya zamani kwenye kache (nakala ilizojihifadhia) bila hata kuiuliza seva. (Namba hiyo niliinakili mwenyewe mahali, simlaumu mtu.)

Siwezi kumwambia kila mteja afute kache. Wengine watafuta na kuki (data ndogo zinazowakumbuka kwenye tovuti), watolewe kwenye akaunti zao zote. Je, nikibadili jina iwe bei-2.jpg inatosha, au ukurasa wenyewe nao niuwekee no-cache (brauza iulize seva kwanza kila mara)? Na bei.jpg?v=2 inafanya kazi ileile? Mwenye uzoefu anisaidie, Ijumaa tuna wageni wa harusi.