Wete hadi Vumawimbi kwa vespa, tutoke saa ngapi?

Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu tupo Wete, Pemba. Jumapili tunataka kupita msitu wa Ngezi, tukaoge pwani ya Vumawimbi, turudi kabla ya magharibi. Tujipange vipi?

Jibu: Waalaykum salaam. Tazameni mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Basi asubuhi msitu, pwani baada ya adhuhuri. Mafuta jazeni kabla ya kuiacha Konde. Popo wa Pemba mkiwataka kwa wingi, ni Kidike, siku nyengine.

Jibu: Njia ya kuteremkea pwani ina mchanga, na tairi za vespa ni ndogo, huzama. Bibie ashuke, wewe shika gia ya pili, mwendo mmoja, breki ya mbele usiiguse. Ikizama usikazanie mafuta, itajichimbia, zima, isukumeni.

Jibu: Chakula bebeni, na maji lita 3. Pweza wa nazi huchacha kwa joto. Mkaange, mle na mkate wa boflo.